Jua Lililolala Mgongoni

Usiku wa jana niliota nimejificha chini ya turubai kilimani, nyuma ya kijiji chetu huku Makete, namsubiri kipanga. Ilikuwa Julai. Julai huku kwetu umande huganda usiku, na nyasi huamka nyeupe kwa sakitu.

Nilikuwa na betri mbili za kamera, moja kila kwapa. Hilo ni jambo la kawaida kwa anayepiga picha ndege wakati wa baridi, maana betri ikipoa hufa.

"Tunakufa," ilisema ya kushoto.

"Kwa baridi?" niliuliza.

"Kwa kwapa," ilijibu ya kulia.

Niliona malalamiko yana msingi, nikaziomba radhi.

Kipanga anatua juu ya nguzo ya uzio. Kifua cheupe, mkia mwekundu. Ndiye niliyemtafuta tangu baridi ya mwaka juzi. Ananitazama, kisha ananisalimu.

"Kamwene, baba. Jua lako liko wapi?"

"Bado halijachomoza."

"Sasa unanipiga picha na nini? Kanuni ya kwanza si kwamba jua liwe mgongoni?"

"Naijua. Kazi hii nilijifundisha mwenyewe."

"Inaonekana," anasema kipanga.

Basi nashuka upande wa pili wa kilima, nalikuta jua limejikunyata kwenye nyasi. Ni dogo kuliko nilivyodhani, kama mtoto anayeanza kutembea. Linaninyooshea mikono. Nachuchumaa, linapanda mgongoni, nalifunga kwa kitenge. Linanukia kama nguo iliyotoka kupigwa pasi.

Nikarudi juu, lakini kilima hakikuwepo. Nilikuwa ndani ya studio ya picha za pasipoti, yenye pazia la bluu. Kipanga alikuwa amekaa kwenye stuli, mabawa yamebanwa kwa adabu.

"Masikio yote mawili yaonekane," ilisema stendi ya kamera.

"Masikio yangu yako ndani ya manyoya," alisema kipanga.

"Basi hakuna safari."

"Nani kakwambia nasafiri? Nakaa hapa hapa Makete, natukanwa kila siku kwa ajili ya vifaranga."

Akageuza kichwa kwa hasira, na mwanga ukaingia kwenye jicho lake. Ulikuwa mwanga laini, wa rangi ya siagi. Ndiyo picha niliyoitaka miaka yote. Naweka kidole kwenye kitufe.

Mlango unafunguliwa. Anaingia jirani yangu, mama Lwidiko, amejifunika blanketi, mkononi ana jani la kiazi lililogeuka jeusi.

"Baba Ushindi, umeliona jua?"

"Kwani vipi?"

"Halijatoka. Sakitu imeshaunguza nusu ya shamba langu, na inaendelea. Ikimaliza, sina cha kuwalisha wanangu mwaka huu." Ananyoosha shingo. "Mgongoni una nini?"

"Mtoto."

"Wa nani?"

"Wa watu wote."

"Mbona anakoroma?"

Ni kweli. Jua lilikuwa limelala, kama alalavyo mtoto yeyote akibebwa. Ndiyo maana mwanga ulikuwa laini, na ndiyo maana hakukucha.

"Picha moja tu, mama Lwidiko."

"Nyie watu wa kamera, moja yenu haiishi leo."

"Mimi nasema mapema," anaingilia kipanga. "Hilo likiamka, panya wanatoka kuliota, na mimi naondoka. Nina watoto."

"Piga!" zinalia betri. "Tusife bure!"

Nikaanza kulifikiria jambo hilo taratibu, upande mmoja kwanza, halafu wa pili.

"Fikiri tu, baba," alisema mama Lwidiko. "Viazi vinakusubiri."

Nafungua kitenge.

Jua linaamka kwa kilio. Linalia hadi linakuwa jekundu, halafu jeupe, halafu haliwezi kutazamwa. Studio haipo. Tumesimama katikati ya shamba la viazi, na sakitu inapanda juu kama mvuke wa chungu. Kipanga anapaa.

"Ile ingekuwa picha nzuri," anasema akipita juu ya kichwa changu.

"Najua."

"Mdomo wangu ulikuwa umekaa vizuri."

"Najua, mama kipanga."

"Haya."

Mama Lwidiko anakikagua kitenge. "Na hivi ndivyo mnavyofunga watoto kwenu? Shukuru Mungu hukuliangusha."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Mke wangu, Elitha, alikuwa ameniandalia maji ya moto ya kuoga.

"Mama Lwidiko kapita hapa," alisema. "Sakitu imeunguza nusu ya viazi vyake, halafu ikaishia katikati ya shamba. Anasema ni kama iliitwa."

Nilivua sweta.

"Baba Ushindi! Mgongo umefanyaje?"

"Umefanyaje?"

"Umebabuka, kama mtu aliyelima mchana kutwa bila shati. Hatujaliona jua la maana tangu Mei, wewe umeunguzwa na lipi?"

Alichukua mafuta ya mgando, akaanza kunipaka polepole. Alipofika mabegani, mkono wake ukasimama.

"Na hivi vidole vidogo vidogo vilivyojichora hapa," aliuliza, "ni vya mtoto wa nani?"