Pinioni ya Meno Sita

Ile barua niliiandika mimi. Naanza na hilo kwa sababu watu wa huku kwetu, tangu mwaka ule wa hamsini na mbili, wanamlaumu muuza vipuri wa Nairobi, nami sijawahi kuwakatiza.

Nilikuwa karani wa chama cha wakulima wa kahawa, huku juu magharibi ya mlima Meru, mbali kupita Olmotonyi. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane shule ya misheni, na Kiingereza changu nilikivaa kama koti la Jumapili. Chama kilikuwa na lori moja dogo, masalio ya jeshi baada ya vita. Dereva wake alikuwa Lemburis, mtu wa kucheka ovyo na kuendesha kwa adabu.

Masika yakiingia, njia yetu hugeuka uji mweusi. Kwa hiyo Lemburis alitafuta matairi makubwa ya jeshi, yenye makucha marefu, akayafunga. Tope aliliweza kweli. Lakini mlima lori likaukataa. Likifika korongoni, pale njia inaposhuka mtoni na kupanda ghafla ng'ambo, linahema na kutetemeka. Siku moja Lemburis akalilazimisha, tukasikia kitu kinasagika chini ya uvungu. Tukamwita fundi kutoka mjini.

Wengine walililia lori kwa ajili ya kahawa. Mimi nililililia kwa ajili ya Eunike, binti yangu, mtoto wangu wa pekee, aliyekuwa na miaka saba. Macho yake yalikuwa yanavimba na kukaza. Muuguzi wa misheni alituambia mimi na mama yake, Namnyaki, bila kuzunguka: maji yanajaa ndani ya jicho, yanaibana nuru mpaka izime. Daktari wa macho huja hospitali ya mjini mara moja kwa mwaka, siku tatu, mwezi wa nne. Akimpasua mwaka huu, mtoto ataona. Akimkosa daktari, mwaka ujao hakutakuwa na cha kupasua.

Fundi alikuwa mzee Sefu. Herufi za Kizungu hakuzijua. Alisoma Kurani, na alisoma meno ya gia. Alifungua difu, lile bonge la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, akatoa vipande vya chuma, kisha akachukua kamba. Akaizungusha kwenye tairi la zamani, akafunga fundo. Akaizungusha kwenye tairi jipya, akafunga fundo la pili. Kati ya mafundo mawili palikuwa na shibiri moja na nusu.

"Unaona, bwana karani? Injini ni ileile, mzigo uleule, lakini hatua imekuwa ndefu. Tairi likizunguka mara moja linameza ardhi zaidi kwa kiasi hiki. Lazima tuifupishe hatua humu ndani."

Akatuonyesha pinioni, gia ndogo inayotoka upande wa injini, na krauni, lile duara kubwa la meno linalozungusha ekseli. Yetu ilikuwa meno saba kwa thelathini na saba. Pinioni ikizunguka mara tano na kidogo, gurudumu linazunguka mara moja. Kwa matairi yale, alisema, mizunguko hiyo haitoshi tena.

"Basi weka saba kwa arobaini na moja, mzee," Lemburis akasema. "Itaturudisha palepale tulipokuwa. Nikifika barabara kuu sitaki kutambaa kama kinyonga."

"Palepale mlipokuwa mlikuwa mnakwama," Sefu akamjibu. "Sita kwa thelathini na saba. Utatambaa, lakini utafika."

Lemburis akacheka, akakubali. Sefu akanigeukia. "Andika Nairobi, bwana karani. Waambie nataka difu kubwa. Kisha andika hesabu: pinioni meno sita, krauni thelathini na saba. Hesabu usiiache."

Kwa madereva wetu gia kubwa ni ile ya nguvu, ya kupandia mlima. Mimi sikuwa dereva. Nilikaa mezani, nikachovya kalamu, nikaandika kwa Kiingereza kwamba tunahitaji difu ya juu kabisa waliyo nayo. Kubwa na ya juu, niliona ni mamoja. Ile hesabu ya meno niliiacha. Niliona ni maneno ya gereji, yatachafua barua nzuri. Laiti mtu angenipiga kofi wakati ule! Kwa Mwingereza gia ya juu ni ya mbio.

Sanduku lilifika Jumatatu, siku ya kwanza ya daktari. Sefu alilipandisha kwa punda. Akalifungua uani mwa chama, akaifuta grisi ile pinioni, akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

"Nane," akasema. "Niliagiza sita, wameleta nane. Hii ni ya mbio hata kuliko ile iliyovunjika. Hii ni ya watu wa barabara nzuri." Akaniangalia. "Uliandika sita, si ndiyo?"

"Niliandika," nikasema.

Sikupanga kusema uongo. Ulitoka tu, na ukishatoka ulihitaji kulindwa. Siku hiyo hiyo niliingia ofisini, nikaitoa nakala ya barua kwenye faili, nikaichana vipande vidogo.

Ile ya zamani haikufungika tena. Ilikuwa imeng'oka meno. Sefu akasema ataifunga hii ya nane, maana hakuna nyingine, lakini korongoni tusiitegemee. "Mtoto mbebeni," akaniambia. "Lori liacheni lije nyuma na kahawa, likiweza."

Namnyaki alikwisha kumfunga Eunike kitambaa machoni, kwa sababu mwanga ulimuumiza. "Baba Eunike, ndugu zangu wapo. Tukimbeba kwa zamu, saa za jioni tuko mjini. Twende."

"Lori litakuwa tayari kesho."

"Mzee Sefu anasema halifai."

"Mzee Sefu ni fundi, si nabii. Mtoto anyeshewe mvua njia nzima na gari lipo?"

Nilijua ninachokifanya. Tukimbeba mtoto mgongoni, kijiji kizima kitauliza lori lina nini, na maswali yataishia mezani kwangu. Lori likipanda, barua yangu itakuwa haina kosa. Nililitaka lipande zaidi ya nilivyotaka kitu chochote, na nilijidanganya kwamba ni kwa ajili ya mtoto. Namnyaki akamfungua mtoto kanga aliyokwisha kumbebea mgongoni, akaketi. Alikuwa bado ananiamini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jumanne mvua haikukatika, na kazi ya kufunga ikachukua siku nzima. Jumatano, siku ya mwisho, tuliondoka saa moja asubuhi, pamoja na ndugu za Namnyaki. Tambarare lori liliteleza vizuri hata nikaanza kutabasamu. Korongoni, kwenye mteremko, Lemburis aliweka gia namba moja, na lori halikushikika. Lilitupeleka chini kwa kasi iliyomnyamazisha hata yeye, tukaingia mtoni na maji yakaruka.

Ng'ambo tulipanda hatua kama kumi, injini ikazima. Likarudi nyuma. Tukashuka wote, tukashusha na magunia, akabaki Eunike peke yake na dereva. Likapanda hatua kumi na tano, likazima. Tulikata majani tukatandika, tulisukuma, tulimwomba Mungu kwa sauti. Mara ya mwisho tukasikia harufu ya klachi inayoungua, na baada ya hapo injini ilinguruma bila magurudumu kujibu. Ilikuwa saa nne.

"Tumefika?" Eunike akauliza.

Nilimbeba mimi. Wajomba zake walitaka kunipokea nikakataa, mpaka miguu iliponiishia nikamwachia mkubwa wao. Namnyaki alitembea mbele, hakugeuka hata mara moja. Tuliingia hospitali saa kumi. Muuguzi alikuwa anakunja mashuka.

"Ameondoka saa nane," akasema. "Aliuliza kama amebaki mgonjwa, tukamwambia hayupo. Mngewahi kidogo tu."

Mwaka uliofuata tulimpeleka wiki nzima kabla. Daktari alimmulika taa, akamgusa kichwa, akaita mwingine.

Mzee Sefu alikuja nyumbani kumwomba Namnyaki radhi. Alisema angepaswa kwenda Nairobi mwenyewe, kwamba kosa ni lake kuamini watu wa dukani. Alilia, mzee yule, mbele yangu, nami nikampa pole. Lori halikufufuka. Alilitoa vipuri, na ile pinioni akampa Eunike aichezee, kwa sababu mtoto aliupenda ubaridi wake.

Anayo hadi leo. Jana alikuwa amekaa mlangoni ameipakata, anapitisha kidole jino kwa jino, midomo inatembea. Nilipotaka kumpita akanijua kwa hatua zangu.

"Baba, ni nane."

"Naam, mwanangu."

"Mzee Sefu alisema sita. Mama anasema barua uliandika wewe." Akageuza uso kunielekea, macho yakiwa pembeni kidogo ya pale niliposimama. "Uliandika ngapi?"

Nilikuwa na muda wa kutosha kujibu. Hakuwa na haraka, wala hapakuwa na mtu mwingine uani.

"Niliandika sita," nikasema.

"Basi hawakusoma vizuri," akasema, akaanza kuhesabu upya.