Kikombe Nyuma ya Mtungi

Vumbi, vumbi jekundu la Geita, liliingia bila hodi. Lilikaa juu ya sufuria, juu ya shuka, juu ya picha ya Bikira Maria. Kila asubuhi Salvina alilifuta. Lile la kifuani mwa mumewe halikufutika.

Makoye alilivuta miaka yote aliyotoboa mwamba chini ya ardhi. Mgodi ukafungwa, wazungu wakaenda zao, mitambo ikaota kutu, kikohozi kikabaki.

Akina mama wa kigango walikuja na rozari zao. "Baba Klara, tumekuja kukuombea."

"Wabeja sana, asanteni mama zangu. Karibuni, ombeni."

Hakununa, hakudhihaki. Aliwasikiliza kama mtu anayesikiliza wageni wakisimulia habari za kwao. Ila walipofika pa kuitika Amina, alinyamaza, na kimya kile kilimchoma Salvina kuliko kikohozi.

"Ungeitika tu," alimwambia walipoondoka. "Neno moja lingekupunguzia nini?"

"Mama Klara, mwamba uliposhuka nilikuwa na mchimbaji mwenzangu, Gelasius. Yeye alikuwa anasali, mimi natukana. Nikatoka mimi." Akahema. "Simkasirikii mtu. Naona tu hakuna wa kumkasirikia. Niombee, mke wangu, anayekuombea amekukumbuka. Lakini usinijibie."

Niombee, lakini usinijibie. Salvina alielewa, akaona aibu. Katekista Ansgar alikuwa amewafundisha: mtu akiwa mahututi na padri yuko mbali, muumini yeyote aweza kummwagia maji kichwani na kumbatiza. Kikombe kimoja tu! Na kikombe alikwisha kukiweka tayari, kimefunikwa kisahani, nyuma ya mtungi.

"Nimekiona," alisema Makoye. "Nikipoteza fahamu, usinimwagie. Niahidi."

Akaahidi. Ee Salvina, uliahidije, wewe uliyeamini kwamba bila maji yale hutamwona tena milele?

Siku ilipofika, ilikuwa mchana wa jua kali. Macho ya Makoye yalikuwa wazi, lakini hayakumjua mtu. Salvina alikichukua kikombe, akainama juu ya paji lile lenye vumbi. Maneno yote ya ubatizo alikuwa nayo mdomoni. Nani angejua? Alimpenda, alimtaka hata huko mbele, akakiinamisha kikombe mpaka maji yakafika ukingoni.

"Makoye," aliita. Hakuitika.

Niombee, lakini usinijibie.

Basi akakiweka kikombe chini, akapiga magoti, akamwombea kwa sauti, kwa machozi, kwa yote aliyokuwa nayo. Na alipofika pa kuitika Amina, naye akanyamaza.

Pumzi ilipokatika, alitoka na kikombe, akamwaga maji mlangoni. Vumbi likatulia, mahali padogo, pa upana wa sahani. Kufikia jioni pale pakakauka. Upepo ukaja, vumbi likainuka, likaingia ndani bila hodi, likakaa juu ya shuka aliyofunikwa Makoye.

Siku ile Salvina hakulifuta.