Angalia Kinywa Mbele ya Rangi

Kalala alikuwa na miaka makumi mbili na mbili, na alishaka kuanza kazi tano. Hata moya hakuimalizake. Alijifunzaka mekanike, akachoka. Akabeba sanduku ya mupiga-picha, akachoka. Masomo yenyewe aliiachaka mu mwaka ya pili secondaire, juu mwalimu alikuwa anaongea polepole. Kungoja, kwa Kalala, ilikuwa sawa na kugonjwa.

Kazi ya tano ilikuwa kukata bioo bya madirisha mu kartie Kapata. Siku moya akapata bioo bitano bikubwa, bizima, bila mwenyewe. Akabiunga na masitiki, akafanya sanduku, akatia maji, akaangalia kama inatoka. Haikutoka hata tone. Akaipandisha juu ya pusupusu, akaisukuma mpaka ku restora ya Bilonda, yaya yake, dada mukubwa. Ile restora ilikuwa bado kufunguliwa.

"Yaya, utaweka hii pa dirisha. Tutatiamo samaki ya kuangalia."

Bilonda alikuwa juu ya ngazi, burashi ya rangi mu mukono. "Ya kuangalia? Kalala, mi nauzisha samaki ya kukula. Nani atalipa juu ya kuangalia?"

"Bataingia juu ya kuangalia. Halafu batasikia njala."

Bilonda akashuka. Alimupita ndugu yake miaka kumi, na njo yeye alimuleaka tangu mama yabo alikufa. "Sikia muzuri. Nafungua siku ya Mungu ya mwisho ya mwezi wa kumi. Ile siku saa sita, kama mu hii kioo muko samaki bazima, pa dirisha ni pako, na kazi ni yako. Kama hamuna, natia furigo ya bia ya Simba pale, na weye, kesho yake, unaenda kulima kwa muyomba ku Sandoa."

Tata Asani alikuwa pale anakunywa chai. Njo yeye alikuwa na kamyo yenye kwenda Sandoa kila wiki. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Citoyen Kalala! Nafasi ya mbele, pembeni yangu, nakuwekea tangu leo. Usisahau jembe."

Sandoa haiko mubaya. Lakini kule unapanda muhogo leo, unaukula mwaka wenye kukuya. Kalala angekufa mbele ya muhogo kukomaa.

Asubui yake akaomba kinga ya magurudumu mbili, akapiga pedale mpaka ku ziwa ya Nzilo. Akachagula samaki sawa vile bantu banachagula ekipe ya mupira: bakubwa, benye nguvu, benye kuangaza. Bavuvi bakamupatia kumi na tano. Mwenye kumushinda roho alikuwa mulonge moya, samaki ya ndevu, mweusi, kichwa pana sawa sahani. "Huyu ni kapiteni," Kalala akasema.

Akabatia bote magaribi. Asubui, mu kioo mulibakia kapiteni peke yake. Tumbo yake ilikuwa ngoma.

Bilonda akaangalia, akaenda kuleta sufuria. "Huyu alau alitumika kazi," akasema, na saa sita bakamukula na bukari. Wakati wa kunawa mikono, akaongeza: "Na tena, siku ya kufungua, samaki moya akikula mwenzake mbele ya baclients, mi sitaki kusikia kitu. Ni Sandoa."

Kalala akaenda ku soko na hasira, kwa Mama Mwanvua. Huyu mama, bababu yake balitoka ngambo ya Kindu, kwenye maji ya muto Lualaba, ile ya Nzilo, inashukiaka, na alikuwa anauzisha samaki tangu mbele Kalala azaliwe.

"Mama, samaki gani habakulane?"

"Benye kukaukishwa," Mama Mwanvua akajibu. Bauzishaji ya pembeni bakapasuka kicheko. Halafu akaona uso wa ule kijana, akamuhurumia. Akakamata samaki ku meza, moya moya, akabafungua kinywa na kidole.

"We uliangalia rangi. Angalia kinywa. Ona huyu, kinywa inaangalia juu: anakulaka tududu twa juu ya maji. Huyu, inaangalia mbele: anakulia katikati. Huyu, inaangalia chini: anaokota mu muchanga. Chagula kidogo ya kila moya, kila muntu na kiwanja yake. Na kama muntu anaweza kuingia mu kinywa ya mwenzake, bale haiko barafiki. Ni mulo na mwenye kukula."

"Na rangi?"

"Rangi ni ya macho yako. Benyewe habana habari nayo. Na maji unatosha wapi?"

"Ku robine."

"Inanuka dawa. Ikalishe mu pipa, ku jua, siku mbili."

"Siku mbili!"

"Ee. Utalia?"

Kalala hakulia, lakini alizunguka ile pipa siku mbili sawa mbuzi yenye kufungwa. Halafu akarudia Nzilo, na hii mara alibachokesha bavuvi. Kila samaki alimufungua kinywa. "Ule ni dokta ya meno?" bavuvi bakaulizana. Akarudia na tusamaki kumi na mbili twa kungaa sawa fedha, twa juu. Sita twa mistari, twa chini. Na tilapia mbili, urefu wa kidole, bwana na bibi, juu Mama Mwanvua alimwambiaka: mabwana mbili mu nyumba moya batauana.

Wiki ya kwanza, bote bazima. Ya pili, bwana tilapia akachimba shimo mu muchanga, akawa anafukuza kila mwenye kupita, lakini kufukuza haiko kukula. Kila asubui Kalala alikuwa anatosha maji ndoo moya, anatia ingine ya pipa, anahesabu: kumi na mbili, sita, mbili. Kila asubui Mama Mwanvua alikuwa anapita kuacha samaki ya jikoni, anachungulia mu kioo, anatabasamu, anaenda.

Halafu bibi tilapia akakatala kukula. Akajificha nyuma ya jiwe, shingo yake imevimba, kinywa inatafuna-tafuna bila kitu. Kalala akafikiri ni ugonjwa. Akanyamaza, juu Bilonda asisikie.

Siku ya Mungu ikafika. Bantu balitoka misa, batata na makoti ya abacost, bamama na bitenge bipya, restora ikajaa mpaka mulango. Bote banaenda kwanza pa dirisha. "Aa! Kumbe beko bazima!" Tata Asani mwenyewe akaweka pua ku kioo, akatikisa kichwa, akaona haya kidogo.

Saa tano na nusu, mama moya akapiga kelele: "Yo! Huyu anakula mwenzake! Mukia naiona, inatoka mu kinywa!"

Ilikuwa kweli. Ku kinywa ya bibi tilapia kamukia kadogo kalikuwa kanatikisika.

Bote bakasukumana ku kioo. Bilonda akatoka mu jikoni na kijiko kikubwa mu mukono. "Séraphin," akasema. Ile jina ya ubatizo ya Kalala, serikali ilishaka kuikataza, na Bilonda alikuwa anaitosha siku ya kasirani tu. "Tosha ule samaki. Mafuta iko moto."

"Jembe iko wapi?" Tata Asani akauliza kwa upole.

Kalala akatia mukono mu maji. Kisha akaanza kuhesabu, sawa kila asubui. Kumi na mbili. Sita. Mbili. Akahesabu tena. Hakuna mwenye kukosa. Sasa ile mukia ni ya nani?

Akatosha mukono.

"Yaya, ngoja."

"Nani anasema ngoja?" Bilonda akauliza. "Weye?"

Bantu bakacheka, lakini Kalala akavuta kiti, akaikala mbele ya kioo, mikono juu ya magoti. Tangu kuzaliwa kwake hakuna mwenye alishaka kumuona vile. Bilonda mwenyewe akashusha kijiko.

Bibi tilapia akatoka polepole nyuma ya jiwe. Akafungua kinywa. Na mule mukatoka batoto. Badogo sawa mbegu ya mboga ya lenga-lenga, makumi, makumi, kila moya na macho mbili, banaogelea mbele ya uso wa mama yabo sawa wingu. Bwana tilapia akapita mbio. Kufumba na kufumbua, bote bakarudia mu kinywa, na bibi akafunga.

Pale restora ilipasuka. Bantu bakapiga meza, bamama bakapiga bigelegele, mwenye alisemaka "anakula mwenzake" akawa anasema kwa nguvu yeye njo aliona wa kwanza. Bilonda akakumbatia ndugu yake na kijiko chote, sombe ya ku kijiko ikapaka shimizi ya Kalala ku mugongo.

Mama Mwanvua alikuwa pa meza ya mwisho, anakula bila haraka. "Mi nilijua tangu wiki mbili."

"Mama! Juu ya nini hukuniambiake?"

"Ningekuambia, ungemufungua kinywa kila asubui, kuona kama bameiva."

Kesho yake, kamyo ya Sandoa ikapita mu barabara. Pembeni ya Tata Asani, ku nafasi ya mbele, gunia ya chumvi iliikala muzuri, sawa muntu. Akamuona Kalala anakimbia mu vumbi, bila biatu, anaenda ku soko.

"Citoyen! Unaenda Sandoa na miguu?"

"Naenda kwa Mama Mwanvua!" Kalala hakusimama. "Yaya anauliza bale batoto banakulaka nini, na mi sijue!"