Fremu Iliyobaki Nzima

Kila msimu wa mashindano ulipokwisha, fundi aliikata pikipiki yake kwa msumeno. Iwe imeshinda, iwe imeburuza mkia, aliishusha injini, akaibana fremu kwenye jiliwa na kuikata vipande. Bomba moja tu, lile la chini ya kiti, alilichomelea kwenye fremu mpya. Wenye viwanda walikuja uwanjani na malori ya vipuri. Yeye alikuwa na karakana ya paa linalovuja na ubishi wake. "Ukiiacha nzima," alizoea kusema, "utaitengeneza hiyo hiyo mpaka uzeeke nayo."

Sasa alikuwa kaburini, na fremu ya mwisho ilikuwa nzima. Kifo kiliutangulia msumeno. Tena pikipiki hiyo ndiyo iliyoshinda kuliko zote.

Binti yake alikuwa ameshaishusha injini siku mama alipoingia na mgeni wake, mtu wa makumbusho. Kipanga, aliyekuwa akiwapandia pikipiki mashindanoni, alisimama kumpisha mama kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa, mguu wako huo haujapona."

Mgeni aliizunguka fremu mikono ikiwa mgongoni, kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada. "Tutaiweka peke yake," alisema taratibu. "Kwenye mwanga, na jina lake chini. Sina haja ya kukuharakisha, binti. Ila nasikia una desturi ya kutimiza."

"Desturi ya baba," alisema binti.

"Desturi gani!" mama alidakia. "Kichaa tu. Nimeishi na yule mtu hadi nywele zimegeuka rangi. Nguo zake zilinuka petroli hata nikizifua mara mbili. Leo hayupo, na sina hata kimoja alichokitengeneza. Wajukuu nitawaonyesha nini? Kutu?"

"Mama ana haki," alisema Kipanga. "Mimi aliwahi kunikatia pikipiki niliyoshindia hata kabla sijavua kofia. Nikamwambia, mzee, hata mke huachwa kwa talaka, wewe unaacha kwa msumeno." Alicheka peke yake. "Lakini makumbusho nayo, dada, si ni jeneza la kioo? Niachie mimi msimu mmoja tu. Tumezoeana."

Binti alipitisha kidole kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingia. Kila mmoja alimwona marehemu kwenye chuma kile na kila mmoja alimtaka kwa namna yake. Hata yeye. Tangu mazishi hadi alipoishusha injini, alikuwa akiingia karakana na kuishika tu, bila kuigusa kwa chombo.

"Baba yako alikata kwa sababu alijua atajenga nyingine," mama alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Wewe mwanangu umejenga ipi?"

Neno lilimwingia. Alikuwa amechomelea fremu za baba kwa miaka, lakini kila bomba lilikuwa limepangwa na mkono wa baba. Yake mwenyewe hakuwa nayo hata moja.

"Kipanga," alisema. "Ukifunga breki kwenye mteremko, inatulia?"

Kipanga aliangalia viganja vyake. "Inatikisa kichwa, usukani unayumba."

"Sana?"

"Siku ile niliyoshinda ilitaka kuniangusha. Nilimwambia mzee. Akasema ni kweli, na kwamba kasoro hiyo itaisha na fremu hii."

"Shingo imesimama mno," alisema binti. "Inahitaji kulala kidogo nyuma. Nyumba ya injini nayo ishuke." Alisikia sauti yake ikisema hivyo, akashtuka, maana hakuna aliyemwambia. "Nikiiacha nzima mtu ataipanda, au nitaipanda mimi kwa macho kila siku nikiamini haina kasoro."

"Na ukishindwa kujenga?" mama aliuliza.

"Nitakuwa nimeshindwa, mama. Hata kama hii ipo."

Binti aliibana fremu kwenye jiliwa, akapaka mafuta kwenye meno ya msumeno. Kipanga alitoka nje akichechemea. Mgeni alivua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Mama hakutoka. Alisimama wima mkono ukiwa mdomoni, na chuma kilipolia hakugeuza uso. Kata ya kwanza ilikuwa nzito. Zilizofuata zilimwia rahisi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Vipande vilipotapakaa sakafuni, mgeni alikohoa. "Hata hivi," alisema, "tungeweza kuvipokea."

"Ni vyangu," alisema mama.

Alichuchumaa kwa shida, akaviokota kimoja kimoja na kuvifunga kwenye mtandio wake. Binti alimsaidia kufunga fundo. Hawakutazamana. Mlangoni mama alisimama.

"Sijakusamehe," alisema. "Ila usilale na njaa."

Mgeni alimfuata, akibeba ncha moja ya mzigo.

Binti alibaki na bomba la chini ya kiti. Alilisafisha kwa brashi ya waya, akalilaza mezani, akachora mstari wa shingo kwa chaki. Aliutazama muda mrefu. Akaufuta kwa kiganja, akauchora upya, umelala zaidi kidogo. Hakukuwa na wa kumuuliza kama hapo ndipo.