Meno Yaliyohamia kwa Mama Mkwe

Fizi za mpiga tarumbeta zilikuwa zinavuja damu, naye akaamua kwamba mwenye makosa ni mswaki. Akipiga mswaki, mate mekundu. Akiacha, mate meupe. Ushahidi huo ulimtosha. Akautupa mswaki, akanunua karafuu, na kila alipokwenda kazini alitafuna moja. Bendi nzima ikawa inasikia harufu ya karafuu kwanza, halafu ile iliyojificha chini yake.

Kazini walimwita Mapafu. Hakuna harusi iliyoanza bila tarumbeta yake.

"Mapafu, umekula nini leo?" aliuliza mpiga ngoma. "Au umemla nani?"

"Karafuu. Dawa hiyo."

"Basi dawa imezidiwa. Geukia kule."

Nyumbani aliishi na mkewe na mama mkwe, bibi asiye na jino hata moja. Kwa kuwa hana meno, iliamuliwa zamani kwamba uji unamtosha. Alikunywa uji asubuhi, mchana na jioni, kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, wenzake wakiwa wameshamaliza nyama mezani. Siku moja aliomba mchuzi.

"Mchuzi ni wa wenye nyama," alisema Mapafu, na mkewe akaendelea kula.

Bibi alizitunza fizi zake tupu kama mtu anayengoja wageni. Alizifuta kwa kitambaa safi, akasukutua kwa maji vuguvugu yenye chumvi, na akipata chungwa alilikamua akanywa.

Asubuhi moja Mapafu aliamka na pengo. Mkewe akapekua chini ya mto, akakung'uta shuka. Mama mkwe akatoka chumbani kwake.

"Liko huku," alisema, akafungua mdomo.

Lilikuwa lilelile, lenye ncha iliyomeguka siku Mapafu alipoanguka ngazini na tarumbeta. Lilisimama wima kwenye ufizi wa bibi, na tayari lilikuwa limeanza kung'aa.

"Mama, naomba jino langu."

"Sikuliita, baba. Limekuja lenyewe. Haya, vuta."

Mapafu akaingiza vidole kinywani mwa mama mkwe wake, akavuta. Halikutikisika. Bibi akamwomba aende akanawe mikono.

Walikwenda wote wawili kwa daktari wa meno. Alichungulia kinywa cha Mapafu, akasogea nyuma kidogo, akachungulia cha bibi.

"Lile halirudi," alisema. "Tuyaokoe yaliyobaki. Mswaki haukuumizi, unakuonyesha tu palipoumia. Ukoga umeganda chini ya fizi, ndiyo maana zinaachia meno. Niukwangue leo, halafu upige mswaki asubuhi na usiku, taratibu, hapohapo panapovuja. Kula mboga na matunda. Sigara, acha."

"Na karafuu?"

"Karafuu inatuliza maumivu. Haifagii."

Mapafu aliona kwamba kukwanguliwa ni kutolewa damu kwa hiari. Akapitia dukani kununua karafuu nyingine.

Meno yakaendelea kuhama, mengine mawili mawili. Magego yalichelewa kama watu wenye mizigo. Bibi alianza na mkate, akaja kwenye mahindi ya kuchoma, akafika kwenye nyama. Mkewe Mapafu akamsogezea mama yake kiti mezani. Viti vilikuwa viwili tu.

Midomo ya mpiga tarumbeta inahitaji ukuta wa kuegemea. Ukuta wa Mapafu ulimalizika kuhama harusini, maharusi wakiwa wanaingia ukumbini. Alivuta pumzi, akapuliza. Sauti iliyotoka haikuwa ya tarumbeta. Bwana harusi akamtazama bibi harusi. Bibi harusi akamtazama baba mkwe. Baba mkwe akakana kwa kichwa.

Kiongozi wa bendi alikuja nyumbani kuichukua tarumbeta. Mama mkwe, aliyekuwa akiipangusa, aliijaribu kwanza. Meno yalikuwa yanaijua kazi. Alipiga wimbo wa kuingiza maharusi mwanzo hadi mwisho bila kukosea, akatema mate meupe uani.

"Jumamosi una nafasi, mama?" aliuliza kiongozi.

"Kuna chakula?"

"Nyama tupu."

"Basi nina nafasi."

Siku hizi bibi anarudi amechoka, anapiga mswaki kabla ya kulala, na hapendi kelele wakati wa kula. Jioni moja Mapafu, akiwa kwenye kigoda, aliinua bakuli lake la uji.

"Mama, hata mchuzi kidogo?"

Bibi alitafuna mpaka akamaliza. "Mchuzi ni wa wenye nyama, baba."

Mkewe Mapafu akaendelea kula.

Kuutupa mswaki kulimgharimu Mapafu meno thelathini na moja. La mwisho, gego bovu la nyuma, lilijaribu kuhama likarudishwa. Kulimgharimu pia tarumbeta, kiti, na jina la Mapafu, ambalo sasa bendi inamwitia mama mkwe. Karafuu bado anazo, mfuko mzima.