Ngazi za Kwenda Mtoni

Mwalimu Yasmin alipomwambia jirani yake kwamba anataka kwenda kulala msituni siku mbili, Clotilda aliacha kumenya ndizi, kisu kikabaki hewani.

"Msituni kufanya nini?"

"Kulala kwenye hema."

"Kwani nyumba hii ina ubaya gani?"

Yasmin alicheka, lakini hakubadili nia. Kwa miaka tisa alikuwa akiwapeleka wasichana wa klabu ya mazingira, katika shule ya sekondari anayofundisha pale Kamachumu, kupiga kambi kwenye msitu wa serikali kando ya mto Ngono. Kila msichana alitakiwa kufanya mambo matatu kabla ya kurudi nyumbani: asimamishe hema lake, ateke maji mtoni na kuyafikisha kambini, na atembee hadi kwenye maporomoko na kurudi. Kisha mwezi wa pili mwaka huo, bodaboda aliyopanda iligongwa na lori la mchanga, na mguu wake wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Sasa alitembelea mguu wa bandia, na mkuu wa shule, Mwalimu Karugendo, alikuwa amemwambia kwa upole kwamba safari ijayo, ya mwezi wa sita, itaongozwa na Mwalimu Lameki.

"Nipe mpaka shule zifunguliwe," Yasmin alimjibu. "Nikishindwa yale ninayowadai watoto, mahema nitamkabidhi Lameki mwenyewe."

Mama yake, Bi Sada, alipiga simu kutoka Hamugembe kumkataza. Jioni akapiga tena. Aliyekubali kumsindikiza ni Clotilda peke yake, na Yasmin alijua kwa nini. Dereva wa bodaboda ile alikuwa Datius, mwanawe Clotilda, ambaye alitoka na michubuko tu. Tangu hapo, kwa miezi kumi, mama yake hakupitisha siku bila kuingia kwa Yasmin. Alifua, alipika, alileta mikungu ya ndizi, alideki hata pasipohitaji kudekiwa.

Walifika kambini Ijumaa mchana. Bwana misitu, mtu mmoja mpole aitwaye Ildefons, aliwaonyesha uwanja wa nyasi juu ya ukingo wa mto, akawaambia hakuna wageni wengine wiki hiyo. Yasmin aliketi chini, akatandaza hema, akaanza kupanga vigingi. Alipoinua macho kutafuta nyundo, Clotilda alikuwa ameshaishika na anapigilia.

"Mama Datius, niachie."

"Kidogo tu, Mwalimu. Ardhi ngumu hii."

"Niachie."

Clotilda aliiachia nyundo, lakini kila Yasmin alipoinuka kuvuta kamba, mkono wa mwenzake ulikuwa chini ya kwapa lake. Hema lilisimama. Yasmin alilitazama bila furaha, kwa sababu hakuweza kusema nani amelisimamisha.

Mtoni ilikuwa vibaya zaidi. Mvua za Desemba zilikuwa zimekula njia, na palipokuwa na mteremko wa kawaida sasa palikuwa na utelezi wa udongo mwekundu, urefu wa nyumba. Yasmin alishuka na dumu la lita kumi. Hatua ya nne mguu wa bandia uliteleza, akaporomoka kwa ubavu hadi kwenye matete. Hakuumia sana, ila kabla hajapata hata pumzi ya kusema hivyo, Clotilda alikuwa ameshafika, amemwinua, amejaza dumu, na anapanda nalo huku anasali kwa Kihaya.

Chai ya jioni ile ilipikwa kwa maji hayo. Yasmin alisali magharibi ameketi, akakunja mkeka, kisha akarudi kwenye moto. Clotilda alimsogezea kikombe.

"Mama Datius, kesho utakaa. Hutashika kitu changu chochote."

"Waitu, jamani, Mwalimu, siwezi kukaa nikuangalie unaanguka."

"Kwa nini?"

Clotilda alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Unajua kwa nini. Mwanangu ndiye aliyekufanya hivi. Pikipiki ameifunika turubai, hataki hata kuiona. Pale kijiweni wanamwita muuaji aliyekosea shabaha. Anakwenda kubeba magunia ya kahawa, akirudi hasemi na mtu. Mimi ningefanya nini? Nikae ndani?"

Yasmin alikuwa ameyaandaa maneno yake mara nyingi, hospitalini na baadaye nyumbani, na kila mara Clotilda alipoingia na mkungu wa ndizi aliyameza. Safari hii hakuyameza.

"Datius hakukuambia yote," alisema. "Asubuhi ile nilikuwa nimechelewa kusimamia mtihani. Lori lilikuwa mbele yetu, linakwenda polepole. Datius alisema tusubiri, haoni mbele. Nikamwambia apite. Akasema tena tusubiri. Nikamgonga bega, nikamwambia, 'Pita, kijana, nimechelewa.' Ndipo akapita, na lori likakata kulia."

Clotilda aliacha kuchochea moto. Mto ulisikika chini.

"Ulimgonga bega?"

"Ndiyo."

"Na yeye akanyamaza."

"Alinyamaza kwa heshima yangu. Nilimfundisha kidato cha pili. Mimi nikanyamaza kwa woga, na kwa sababu ulikuwa unanisaidia. Nilikuhitaji."

"Miezi kumi nimekufulia nguo," Clotilda alisema taratibu, kana kwamba anaeleza jambo lililompata mtu mwingine. Aliinuka, akaingia kwenye hema, akalala amegeukia upande wa turubai.

Asubuhi Yasmin alimkuta amekaa juu ya gogo, amejifunga khanga, anatafuna punje za kahawa. Alimsalimia. Clotilda aliitikia, basi. Yasmin alikwenda kwa bwana misitu kuazima jembe.

Akiwa ameketi ukingoni, alitazama ule utelezi na kukubali kwamba mguu wake hautaushinda. Haukutengenezwa kwa udongo kama ule. Basi udongo ndio utakaobadilika. Alianza kukata ngazi. Alichimba akiwa ameketi, anakata kipande, anakisawazisha kwa kiganja, anajisogeza chini kwa makalio, anakata kingine. Jua lilipanda. Ngazi ya pili ilibomoka, akairudia. Matope yalimjaa hadi kwenye nyusi. Juu yake, kwenye gogo, Clotilda hakusema neno wala hakusogea, na Yasmin aligundua kwamba ukimya ule ulimuuma kuliko kuanguka kwa jana, na bado hakutaka uishe kwa kumwomba.

Alipofika ngazi ya sita, sauti ilitoka juu.

"Hiyo ya tatu nyembamba. Mtoto atakanyaga hewa."

Yasmin aligeuka. "Ipanuliwe kiasi gani?"

"Unyayo mmoja na nusu. Na weka jiwe mbele, la sivyo mvua itaibeba."

Baada ya muda mawe yalianza kuteremka, moja moja, yakisukumwa kwa mguu. Clotilda hakushuka kumshika mkono. Alitafuta mawe, akayasukuma, na Yasmin akayapanga. Saa saba mchana kulikuwa na ngazi kumi na tatu. Yasmin alijaza dumu, akalifunga mgongoni kwa khanga kama mtoto, akapanda akiwa ameshika mizizi, ngazi moja baada ya nyingine, bila kushikwa. Akalitua kando ya mafiga.

"Sasa hema," alisema.

"Limeshasimama."

"Simjui aliyelisimamisha."

Akaling'oa lote, akalisimamisha upya peke yake. Clotilda alilala kwenye nyasi, akasinzia kweli.

Jumapili walianza safari ya maporomoko. Njia ilikuwa tambarare, na Yasmin alitembea vizuri hadi karibu nusu yake. Hapo alihisi soksi imeloa. Alikaa, akavua mguu, akakuta ngozi ya kigutu imechubuka na damu inatoka. Maporomoko yalikuwa yakisikika kwa mbali. Muuguzi alimwonya kuhusu vidonda vya namna ile: ukivilazimisha, mguu unakaa kabatini miezi.

"Tunarudi," alisema.

"Na lile la tatu?"

"Lile wasichana watakwenda na Lameki. Mimi nitawasubiri kambini, na nitamwambia Karugendo hivyo hivyo. Mawili nimeyafanya. La tatu nitalirudia nikipona."

Alirudi kwa magongo ambayo Clotilda alikuwa ameyabeba, mguu ukiwa ndani ya begi. Kabla ya kuondoka alimwomba bwana misitu daftari la wageni, akaandika kwa mwezi wa sita: wasichana ishirini na wawili, walimu wawili. Ildefons akamuuliza kama anaweza kumwachia zile ngazi kama zilivyo. Yasmin akasema zimetengenezwa ili zibaki.

Njiani Clotilda alisema, bila kumtazama, "Utayasema mbele za watu. Sio kwangu tu."

"Nilikuwa nangoja ufike mwisho wa kukasirika."

"Sijafika."

Walishuka kwenye kijiwe cha bodaboda Kamachumu. Clotilda alimpigia Datius simu, naye kijana akaja na vumbi la magunia mabegani, akasimama pembeni. Vijana kama kumi waligeuka walipomwona Mwalimu amesimama kwa magongo bila mguu. Aliwaeleza yote, lori, mtihani, na mkono wake begani mwa dereva. Hakupunguza kitu.

"Mwalimu," Datius alisema mwishoni, macho chini, "na mimi ningeweza kukataa."

"Ungeweza. Lakini hilo ni lako, na mimi nimekuja kusema langu. Ulikataa mara mbili, na hawa walikuwa hawajui."

Kijana mmoja alisogea kwenye benchi, akapigapiga nafasi iliyobaki. Datius aliitazama kwanza, halafu akakaa.

Clotilda alichukua mahema, akamwachia Yasmin begi lake.

"Twende. Kidonda kinataka kuoshwa."

"Nitaosha mwenyewe."

"Najua. Mimi naenda kupika. Nina njaa."