Mlio wa Bati

Fundi bodi huyo walimwita Sikio, na jina alilipata kwa jasho. Miaka thelathini kazi yake ilikuwa kugonga magari ya zamani kwa fundo la kidole na kusikiliza. Bati zima hulia; palipozibwa kwa pati, ule udongo wa kuficha kutu, huguna tu. Wanunuzi hawakutoa hata senti kabla hajagonga. Ila tangu mwaka jana masikio yenyewe yalimtupa mkono, na hakumwambia mtu, hata binti yake aliyefanya naye kazi. Angeanzia wapi? Fundi asiyesikia si bora akagonge meza nyumbani!

Siku hiyo waliitwa na daktari wa meno, mteja wao, mgonjwa wa magari ya Kijapani. Mjane mmoja alikuwa anauza magari mawili ya marehemu mumewe: Datsun 240Z ya rangi ya chungwa na Toyota Celica nyeupe. Daktari alikuwa na nafasi ya moja tu.

“Ningekuwa mimi, Datsun,” binti alisema. “Silinda sita, pua ndefu, viti viwili. Mama mkwe hapandi ng’o.”

“Celica ina viti vya nyuma,” daktari akajibu. “Silinda nne, nyepesi, dashibodi haina ufa. Lakini wakusanyaji wanaililia Datsun. Basi nitachukua iliyo nzima. Fundi, kazi kwako.”

“Zote nzima,” mjane akasema. “Marehemu alizifuta vumbi kuliko alivyonifuta mimi machozi. Aliniapia hazijawahi kuzibwa popote.”

Sikio akapiga magoti. Akagonga Datsun chini ya mlango, kisha juu ya gurudumu la nyuma, pale kutu hupenda kuanzia. Pu. Akahamia Celica. Pu vilevile. Akarudia kwa nguvu mpaka kidole kikauma. Jasho likamtoka. Hapo ndipo angesema ukweli, lakini daktari alikuwa amemkodolea macho na aibu ikamfunga ulimi. Akaamini kidole chake.

“Pati tupu,” akasema. “Zote mbili.”

Daktari akafyonza na kutoa funguo za gari lake mfukoni. Mjane akakaa kwenye ngazi ya mlango. Hakuuliza habari ya bei. Alisema jambo kwa sauti ndogo, na Sikio ikabidi amsogelee mpaka karibu amkanyage.

“Nasema, kumbe alinidanganya,” mjane akarudia. “Miaka yote ile. Sijui na mengine aliyoniapia.”

Sikio akajisikia vibaya kupita kiasi. Kuharibu biashara ya mtu ni dhambi yake, lakini kumharibia mjane mume aliye kaburini, hapana, hilo lilimshinda.

“Hebu gonga wewe,” akamwambia binti yake.

Binti akamshangaa, kisha akainama na kuigonga Datsun mara moja, kwa wepesi. Daktari aliyekuwa ameshafika kwenye geti akageuka. Mjane akainua uso, na uso ule ulikuwa umepona. Mbwa wa jirani naye akasimamisha masikio.

“Imelia?” Sikio akauliza.

Binti alifungua mdomo ajibu, akaufunga. Akamwitikia baba yake kwa kichwa, polepole, ili aone vizuri.